Mwiko wa Senene na Mtaalamu wa Mila

Jirani yangu hapa Kitendaguro akianza kukaanga senene, mimi hufunga dirisha. Si kwamba harufu ni mbaya. Nani wa Bukoba atasema harufu ya senene ni mbaya? Mafuta yao wenyewe yakichemka polepole, chumvi, kitunguu, na ule ukali kidogo wa majani mabichi unaobaki ndani yao hata wakiiva, hiyo ni harufu ya kumtoa mtoto mchezoni na mwanamume kwenye pombe yake ya rubisi. Nafunga kwa sababu ikiingia tu, hasira nayo huingia, na kwa mstaafu wa unesi mwenye presha kama mimi, hasira si mgeni wa kukaribishwa asubuhi.

Leo nimechelewa kufunga. Basi nisikilizeni ninyi, maana watoto wangu wameshaisikia habari hii wakachoka, na wajukuu wananiambia, "Bibi, hayo ni ya zamani." Ya zamani! Juzi tu kijana mmoja mwenye tai alisimama kwenye mkutano wa wazazi akatueleza jinsi miiko ya wahenga ilivyolinda mazingira na maadili. Nikatoka nje kabla sijamwaibisha mwalimu mkuu.

Nilizaliwa upande wa Muleba, katika kijiji kilichokaa mgongoni mwa kilima, migomba na mibuni upande huu, rweya upande ule. Rweya ni ule uwanda wa nyasi usiolimwa, ambako kila mtu alichunga na kukata majani ya kutandika ndani. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokolea, kuna asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu ya nyasi ungesikia mwanamke anapiga kelele kutoka huko, "Ensenene zagwa!" Wameanguka! Hapo hakuna aliyenawa uso. Mama alininyanyua kitandani kwa mkono mmoja na kikapu kwa mkono wa pili, tukakimbia.

Senene huokotwa umande ukiwa bado umewalowanisha mabawa, hawawezi kuruka. Jua likishachomoza unabaki na nyasi mkononi. Kwa hiyo tuliokota bila kuongea, wanawake na wasichana wa kijiji kizima, tumeinama, nyasi zinatukata vidole, baridi imeingia mpaka kwenye magoti. Senene hutema maji fulani ya kahawia ukimshika, na maji hayo hayatoki kwa sabuni. Siku ya senene ungeweza kumjua mwanamke yeyote kwa vidole vyake. Tukirudi tulikaa jikoni kuwanyonyoa mabawa na miguu, kazi ya kukunja mgongo, kisha Mama akakaanga.

Na hapo ndipo shughuli yetu ilipokoma. Senene walikuwa chakula cha wanaume. Mwanamke hakula, msichana hakula, hata kulamba kidole ilikuwa mwiko. Tuliambiwa anayekula atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Niliwahi kumwuliza Mama mbona Tata, baba yangu, anakula, na yeye naye ana sehemu yake katika watoto. Alinipiga kofi la mgongoni, la upendo zaidi kuliko la adhabu. "Mdomo huo," alisema, "utakufukuzisha kwa mume." Wavulana wa majirani walikuja wakakaa mlangoni na mafungu yao kwenye majani ya mgomba, wakatafuna wakitutazama machoni, makusudi. Na sisi tulimeza mate.

Mwaka ninaousimulia, Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa na kila mtu alikuwa ndugu. Mikutano haikwisha. Maharage ya msimu ule yalikuwa yameozea shambani kwa mvua nyingi, na samaki wakavu kutoka Kemondo walipanda bei hadi tukawa tunawasikia tu. Tulikula ndizi. Asubuhi ndizi, jioni ndizi. Mimi nilikuwa mkubwa, nilivumilia. Mdogo wangu Koku, aliyekuwa ameachishwa ziwa, hakuvumilia. Nywele zake zilipoteza weusi zikawa nyepesi na za rangi ya kutu. Miguu ikavimba. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba aliacha kulia. Ungemweka kwenye mkeka ukaenda kisimani, ukirudi unamkuta pale pale, anaangalia mbele.

Leo ningeutaja ugonjwa ule bila kunyanyuka kitini. Wakati ule walisema amerogwa, wengine wakasema ni jicho la hasidi, wengine wakasema Mama alishika mimba mapema akamharibia maziwa. Kila mtu alikuwa na lake, na karibu yote yalikuwa makosa ya Mama. Sista wa zahanati ya misheni alimwambia ampe mtoto maziwa, mayai, nyama, samaki. Mama aliitika, "Ndiyo, Sista," akambeba mtoto wake, tukatembea kurudi kwenye ndizi.

Shuleni kwetu alikuwepo mwalimu kijana, Mwalimu Alivera, aliyetufundisha sayansi na upishi. Alikuwa Mlutheri katika kijiji cha Wakatoliki, jambo ambalo nalo walikuwa wamemhesabia kuwa kosa. Nilikuwa nikienda shule na Koku mgongoni, kama wasichana wengi walioachiwa wadogo zao mama zao wakienda shamba. Siku moja Mwalimu Alivera alimshusha, akamwangalia miguu, akaniuliza tunakula nini nyumbani. Nikamwambia. Akauliza, "Na senene wote mliookota wiki hii?" Nikamshangaa. Nikamjibu kwamba Koku ni msichana.

Mwalimu aliweka chaki chini. Alitoka akarudi na senene wake mwenyewe, waliokaangwa, akawaponda kwa jiwe juu ya dawati, akachanganya na uji wa shule, akamlisha Koku mbele ya darasa zima. Koku alikula mpaka akashika mkono wa Mwalimu kuuvuta. Mwenzangu mmoja alianza kulia, akidhani kichwa cha mdogo wangu kitachongoka hapo hapo.

Kabla ya jioni kijiji kizima kilijua. Tata ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, hivyo aibu ilikuwa mara mbili: mtoto wake ndiye aliyelishwa, na mwalimu wake ndiye aliyelisha. Wazee wa ukoo walimjia mmoja mmoja. Tata yangu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyeogopa kuchekwa, na watu wa namna hiyo, nimejifunza, wanaweza kutenda ukatili wote unaohitajika. Aliitisha mkutano.

Sasa, mgeni njoo mwenyeji apone. Wiki ile ile alikuwa amefikia nyumbani kwetu, kwenye nyumba yetu ya mabati, mtaalamu kutoka chuo kikuu. Alikuwa Mhaya mwenzetu, mtu wa miwani na suruali iliyonyooshwa, amekuja na Landrova na mashine ya kunasa sauti, anakusanya mila na desturi ili wasomi waandike elimu mpya ya taifa. Kijiji kilimwita Mtaalamu. Wazee walimpenda kwa sababu alikuwa amesoma mpaka mwisho na bado alikuwa anawauliza wao. Mama naye alimpenda. Aliniambia tukichuma ndizi za mgeni, "Huyu amesoma hadi vitabu vya Wazungu. Huyu ataamua haki. Atasema Koku ale." Niliona jinsi alivyochagua mkungu mzuri kuliko yote.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la nne, wanaume kwenye madawati, wanawake sakafuni na madirishani. Mama alikaa karibu na mlango na Koku miguuni pake. Mzee mmoja alianza kwa kusema kwamba leo ni senene, kesho wanawake watataka kukalia kiti cha mwenye nyumba. Watu wakacheka. Kisha Tata akamwomba Mtaalamu atupe mwanga.

Akatupa. Nakumbuka sauti yake nzuri, ya taratibu, ya mtu asiyewahi kukatizwa. "Ndugu wananchi," alisema, "mwacha mila ni mtumwa." Makofi. Akaeleza kwamba wasomi wa Ulaya wamebishana miaka mingi kama mtoto hufundishwa na maumbile au na jamii. Wako wanaosema mwache akue kama mti wa porini, ni watu ndio wanaomharibu. Na wako wanaosema mtoto ni udongo, usipomfinyanga hana umbo. "Wazee wetu hawakubishana," alisema. "Walijua kwamba mila ndiyo inayompatanisha mtu na maumbile." Mwiko wa senene, kumbe, ulikuwa shule. Unawalinda viumbe wasiishe, maana nusu ya watu hawawali. Unamfundisha msichana kiasi, subira na kumtanguliza mwenzake. Huo ndio msingi wa maadili, na ndio ujamaa wenyewe, tuliokuwa nao kabla ya kufundishwa na mtu yeyote.

Watu walipiga makofi tena. Mimi nilipiga pia. Nilikuwa mtoto, na maneno yalikuwa mazuri. Imenichukua miaka kuyarudia moja moja na kuona yalivyooza. Nusu isiyokula ndiyo iliyookota! Kama shabaha ilikuwa kuwahurumia senene, mbona hakuna aliyetukataza kwenda rweya na vikapu? Mbona hakuna mwanamume aliyewahi kuambiwa leo inatosha, mbakishie Mungu mbegu? Na subira, kama ni elimu tamu kiasi hicho, mbona wavulana hawakupelekwa shule hiyo hata siku moja? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alikwenda mbali zaidi: njaa ya wengine aliigeuza somo, akatufundisha.

Mwalimu Alivera alisimama. Hakuwa na sauti ya mkutano. Alikwenda mlangoni, akamwinua Koku kutoka miguuni pa Mama, akampeleka mbele hadi mezani.

"Bojo, tafadhali, Mtaalamu," alisema, "wewe umesoma kuliko sisi sote. Naomba ubonyeze hapa kwa kidole."

Alikuwa ameshika mguu wa Koku. Mtaalamu hakubonyeza. Basi Mwalimu akabonyeza mwenyewe, akaondoa kidole, na shimo likabaki. Mimi na wenzangu wa dirishani tuliliona. Mtoto hakulia wala hakuuvuta mguu.

Mtaalamu alivua miwani akaifuta. "Mwalimu," alisema, "tusichanganye mambo. Mtoto mmoja ni bahati mbaya, na tunampa pole mama yake. Lakini mila ni ya watu wote. Hatuwezi kubomoa nyumba kwa sababu chumba kimoja kinavuja. Kudharau hekima ya wazee na kukimbilia sayansi ya mgeni, ndugu zangu, hiyo ndiyo tunayoiita kasumba."

Neno lile lilimmaliza. Miaka ile, ukiitwa mwenye kasumba mbele ya watu, hakukuwa na mahali pa kuweka uso. Iliamuliwa kwamba Mwalimu Alivera aombe radhi, naye akakataa. Kabla ya muhula kwisha alikuwa amehamishwa, na waliomsindikiza barabarani ni wanafunzi wa kike tu, tena kwa kujificha. Na Tata akatangaza, ametazama juu ya vichwa vyetu, kwamba nyumbani kwake hakuna mwanamke atakayegusa senene kwa kinywa, mkubwa wala mdogo. Mama alimchukua Koku akamfunga mgongoni. Alifunga ile kanga kwa nguvu mno, mpaka mtoto akaguna.

Jioni ile ile, jua bado liko juu ya migomba, tuliandaa chakula cha mgeni. Senene walikuwa wale tuliookota juzi yake, Mama na mimi. Nilishika birika na beseni, nikawanawisha Tata na Mtaalamu mikono, nikarudi nyuma nikapiga magoti karibu na ukuta, kusubiri. Mama alipiga magoti mlangoni. Mtaalamu alikula kwa furaha kubwa. Alisema chuoni mtu hula senene kwa kuota tu. Alisema mkewe akipelekewa wa kutoka nyumbani lazima awafungie kabatini.

"Mabinti zangu wale!" alisema, akicheka. "Ukiwaachia bakuli wanamaliza kama karanga. Nifanyeje? Mjini hakuna mila."

Tata naye akacheka. Nawaapieni, alicheka.

Hapo Mama akasema kitu, na mwanamke kwetu hakuwa akiingia katika mazungumzo ya wanaume wakiwa mezani. Aliuliza kwa upole kabisa, ameinamisha macho.

"Mgeni wetu, unisamehe. Hao watoto, vichwa vyao ni vizima?"

Mtaalamu alimgeukia kama mtu aliyesemeshwa na kiti, kisha akacheka zaidi, kwa wema. "Vizima, mama. Tena mkubwa anaongoza darasani."

"Mungu asifiwe," alisema Mama, akainuka, akachukua sahani iliyokwisha.

Kesho yake Landrova iliondoka na sauti za wazee ndani ya ile mashine. Hakunasa sauti ya mwanamke hata mmoja, isipokuwa nyimbo za harusi.

Koku hakufa. Majuma yakapita, akaanza kulia tena, na mimi niliyembeba niliona raha kulia kule, kulikuwa kwa mtu anayetaka kitu. Uvimbe ukashuka. Nywele mpya zikaota chini ya zile za kutu, nyeusi. Kufikia mavuno ya maharage alikuwa anakimbiza kuku. Mimi niliamini ni sala, kwa sababu Mama alikuwa akisali sana wakati ule, mara nyingi namkuta jikoni anaponda kitu kwenye kinu huku midomo inacheza, na akiniona anaacha kimoja au kingine.

Tata yeye alikuwa na maelezo yake. Alisimama nje ya kanisa baada ya misa, wanaume wamemzunguka, akamnyooshea Koku fimbo. "Mnamwona? Mwalimu alitaka tuvunje mwiko. Tumeshika mila, na mtoto amepona." Wakaitikia kwa vichwa. Habari ikaenda vijiji vya jirani hivyo hivyo, kwamba kwa fulani walifuata hekima ya wazee na maumbile yakawajibu. Sitashangaa kama ilimfikia Mtaalamu, akaipa nafasi yake katika elimu ya taifa.

Nilisomea unesi. Wodini nilikutana na akina Koku wengi, miguu ile, nywele zile, macho yale, na kila mara nilijiuliza yule wetu alipona kwa nini. Sikumwuliza Mama mpaka Tata alipokwisha kuzikwa. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, yeye macho yameshafifia, anamenya kwa mazoea. Hakushangaa kuulizwa. Alisema tangu jioni ya mgeni alikuwa akipunguza senene wa Tata kila alipokaanga, akiwakausha juu ya moto nyuma ya kuni, akiwaponda unga na kuutia kwenye ndizi za Koku zilizosagwa. Na mimi? Mimi pia, alisema, ila kidogo, maana nilikuwa na mdomo. Na yeye? Akakunja uso. Yeye hakuwahi kuonja hata mmoja. Mtoto alikuwa mgonjwa, alisema, yeye alikuwa mzima.

Nilitaka kumkumbatia, nikataka pia kupiga kitu teke. Watu wazima na heshima zao walikuwa wametumia alasiri nzima kuchambua maumbile na mila, elimu na maadili, wakati mtoto yuko mbele yao juu ya meza. Mwanamke mmoja aliyesoma darasa la pili akasikiliza yote, akauliza swali moja tu, la vichwa, akapata jibu, akaenda kumponya mwanawe. Kisha uponyaji wake ukachukuliwa, ukawa ushahidi wa wale wale waliomkatalia. Naye akanyamaza, kwa sababu kusema kungemrudisha Koku kwenye ndizi.

Nikadhani nimesikia yote. Lakini Mama aliweka kisu chini, akasema kwamba kila Kwaresima alikuwa akienda kuungama.

"Kuungama nini?"

"Wizi," alisema. "Mwanzoni Padri hakuelewa. Akaniuliza, hao senene uliowaiba ni wa nani? Nikamwambia, wa mume wangu. Akaniuliza, nani aliwaokota? Nikasema, mimi. Akanyamaza. Nikafikiri amelala. Halafu akanipa rozari za kutubu."

Nilimwuliza kama alizisali. Nilikuwa na hasira, sikuuliza vizuri. Alinigeuzia yale macho yake yaliyofifia kana kwamba nimemtukana.

"Zote," alisema. "Na nyingine nikaongeza juu, maana nilijua mwaka unaofuata nitaiba tena."